Geti Lilikuwa la Kijani

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipasheni moto. Maboksi ~~yafungueni, nimechoka kutafuta vijiko~~ yaacheni yalivyo.

Mkopo wa nyumba bado. Benki walisema wiki sita, huu mwezi wa nne tunasubiri, ila safari hii kosa si lao. Asubuhi mthamini wao alikwenda kuikagua ile nyumba, aseme ina thamani gani. Alikuwa ameelekezwa geti la kijani. Kazunguka mtaa mzima, geti la kijani hakuliona, akarudi zake ofisini. Kumbe Jumamosi baba yenu alimbembeleza mwenye nyumba, akalipaka bluu. Eti tukihamia tusikute kazi. Nyumba yenyewe hata haijawa yetu.

Nakwenda kumchukua huyo mthamini, nimfikishe mpaka mlangoni. Bila ripoti yake benki hawasaini kitu.

Baba yenu akirudi msimcheke, roho inamuuma. Na bluu yake imependeza, sikatai. Ila jana nilimsikia akiulizia bei ya rangi ya ukuta, kwa hiyo brashi nimeondoka nayo.

Mama