Tundu Kwenye Ukuta wa Sebule

Jumatatu, 1 Julai

Vumbi la jipsamu kwenye chai tena. Nimeinywa hivyo hivyo. Fundi Chande kafika saa nne, usingizi bado uko usoni. Nimemsamehe. Mkono wake mzuri, na mimi ni mtu mkubwa.

Dari imekwisha. Ina mikunjo mitatu na taa zinazogeuka rangi: buluu, nyekundu, zambarau. Lindi nzima sijaona sebule ya namna hii, na nimeingia nyingi. Majirani wakipita mlangoni wanajifanya wameangusha kitu ili wachungulie. Wachungulie tu. Safari yao kubwa ni Mtwara. Mimi nimekaa Muscat, Dubai nimekwenda mpaka nikaichoka, Guangzhou nimepotea na nikarudi. Shule niliachia darasa la sita, lakini mambo ya sebule hayafundishwi darasani.

Nyumba hii kaniachia mjomba, Mungu amrehemu. Ni ya zile za zamani zilizoshikana, ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Jirani ni Bi Somoe. Yuko eda. Mumewe, Mzee Bakari, tumemzika majuzi. Nimemwambia Chande agonge taratibu. Anagonga kama anayemwadhibu mtu.

Jumanne, 2 Julai

Nimezuiwa mlangoni kwa Bi Somoe. Mara ya ngapi sijui. Anayezuia ni wifi yake, Bi Fatu, katoka Dar kuja kumkalisha eda. Wanawake wengine wanaingia, wanatoa pole, wanatoka. Mimi hapana. Eti mimi sina adabu ya msiba.

Kisa ni siku ya maziko. Mimi Mmakonde, Bi Somoe na marehemu Wamwera. Watani. Mtani msibani ana kazi yake. Nilivaa kofia ya Mzee Bakari na koti lake, nikatembea anavyotembea, tumbo mbele, mguu wa kushoto unachelewa. Nikasimama mbele ya jeneza nikasema haendi mtu, aniombe kwanza samahani kwa kunikoromea usiku ukutani miaka yote. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Ndivyo inavyofanywa huku. Bi Fatu amekaa Dar mno, kasahau. Aliniangalia kama nimemwibia maiti.

Lakini Bi Somoe aliingia ndani ya khanga yake, uso wote. Mabega yalitikisika. Sijui alicheka au nilimkata moyo. Tangu siku ile hatujasemezana. Ndilo linaloniuma. Si Bi Fatu.

Wanaoingia wanasema hali chakula. Hasemi pia. Anatazama ukuta.

Jumatano, 3 Julai

Ukuta wa kushoto nimeuchagulia rangi ya maziwa. Asubuhi hiyo hiyo nikabadili. Zambarau. Chande akasema zambarau itafanya chumba kiwe kidogo. Nikamwambia chumba ni kidogo, rangi haina kosa.

Nimepeleka ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kwa Bi Somoe. Ya kuchemsha, ndiyo anayoipenda kuliko nyama. Imerudi sahani nzima, haijaguswa hata mmoja. Nimeila mwenyewe jikoni nimesimama. Haikuwa na ladha.

Runinga imefika. Kubwa kama mlango. Ikikaa juu ya meza inaonekana ya kishamba. Kule Muscat runinga inazama ndani ya ukuta, unaona picha tu. Ukuta wangu wa kulia una kidaka, kile kishimo ambamo wazee walikuwa wanaweka taa na vikombe. Nimemwambia Chande akipanue na akiingize ndani zaidi. Akaguna. Akasema kuta hizi za mawe na chokaa huwezi kujua. Nikamwambia ukuta ni mnene kama wa ngome, na mimi nimeona kuta za nchi nne. Kesho anaanza.

Alhamisi, 4 Julai

Mungu nisitiri.

Chande alipiga tindo mara chache tu. Likazama, likapotea. Jiwe likaanguka upande wa pili, nikasikia mlio wa sufuria. Tundu la kupita kichwa. Na yeye, badala ya kurudi nyuma, akapitisha kichwa.

Kumbe kila kidaka changu kina mwenzake upande wa kule. Wazee walijenga mgongo kwa mgongo, katikati ni unene wa kiganja. Kule ndiko chumbani kwa Bi Somoe. Alikuwa amekaa mkekani, nguo nyeupe, kichwa wazi. Chande na yeye wakatazamana.

Chande alianguka kutoka kwenye kigoda. Akakimbia. Kandambili moja bado iko hapa sebuleni.

Kisha sauti ya Bi Fatu, mtaa mzima. Mwanamume kamwona mjane ndani ya eda. Eda imeharibika. Itaanza upya, miezi minne na siku kumi, kuanzia leo.

Nikakaa juu ya mfuko wa jipsamu. Mwanamke hali, hasemi, na mimi nimemwongezea kifungo. Kwa ajili ya runinga.

Nimetundika shuka kwenye tundu. Dini naijua ya kuswali na kufunga. Hili silijui. Ninaogopa.

Ijumaa, 5 Julai

Baada ya swala nilimsubiri shehe nje ya msikiti. Nilikuwa nimejifunika kama mwali. Nilieleza yote, hata runinga. Aliinamisha kichwa, nikaona nimekwisha. Kumbe alikuwa anazuia kicheko.

Akasema eda haivunjwi na nyundo ya fundi. Jicho lililoingia kwa bahati mbaya si dhambi ya mjane. Siku zake zinaendelea kama zilivyokuwa. Tuweke pazia, na Chande ajifunze kutochungulia.

Alhamdulillahi. Nilirudi njia nzima nacheka peke yangu. Muuza maji akaniuliza kama nimeolewa.

Shehe mwenyewe akaja kumwambia Bi Fatu, pale mlangoni. Bi Fatu hakubisha. Alikaa kizingitini akalia kwa kwikwi. Nilikuwa nimejiandaa na maneno makali, matamu, ya kukumbukwa. Nikayaacha. Mzee Bakari alikuwa kaka yake. Hana mwingine. Toka msiba uanze nimemwona mlinzi, sikuona mfiwa. Nikamletea chai. Akanywa. Hatukupatana, lakini alikunywa.

Alasiri nimekaa sebuleni natazama uharibifu. Shuka ikatikisika. Ikasogea. Sauti ya Bi Somoe, imekauka kama mtu aliyeamka kwenye homa:

"Mmakonde wewe. Dunia yote hiyo uliyotembea hukujua kwamba ukuta una upande wa pili?"

Kanitukana. Ya Rabi, kanitukana. Nikashika mdomo kwa mikono miwili.

Kisha akasema polepole:

"Nifanyie tena. Anavyotembea."

Nikamuuliza kama siku ile alikasirika. Akasema siku ile alicheka mpaka akaona haya, ndio maana akajificha, na toka hapo hakuna aliyemtaja marehemu mbele yake ila kwa kunong'ona. Kila mtu anatembea kwa vidole.

Nikafunga shuka pembeni. Nikatoa tumbo. Nikapita sebuleni toka dirisha mpaka mlango, mguu wa kushoto nyuma, nikageuka, nikapita tena. Kule ndani alicheka. Kisha akalia kwa sauti, kilio kile ambacho hakikutoka siku ya maziko. Bi Fatu akaja mbio. Akaniona natembea. Akasimama. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mguu ulikuwa unachelewa zaidi ya hapo.

Nikarekebisha mguu.

Jumapili, 7 Julai

Sikukuu. Hakuna fundi. Nimeingia kwa Bi Somoe kupitia mlangoni kama binadamu. Bi Fatu kanifungulia. Nimekuta kikombe cha uji, kimebaki nusu. Nusu nyingine iko tumboni mwake. Sijawahi kufurahia kikombe kichafu namna hii.

Aliuliza habari za sebule. Nikamweleza zambarau. Akasema rangi ya biringanya iliyooza. Afadhali. Moyo umepoa mpaka nimelala mchana.

Alhamisi, 11 Julai

Chande karudi. Anaingia sebuleni amefumba macho, nimemshika mkono kama kipofu. Kauliza azibe lini. Nimesema asizibe. Ataninyooshea kingo, atatia fremu ya mbao na kijimlango, komeo liwe upande wa Bi Somoe. Yeye ndiye ataamua lini kufungua. Bi Fatu kakubali, kwa sharti kwamba siku fundi yuko ndani, komeo lifungwe.

Runinga itakaa mezani. Ya kishamba basi.

Jumatano, 17 Julai

Karatasi za mapambo za ukutani zimebandikwa nusu. Nyingine bado zimeviringishwa kwenye kona. Sina haraka.

Kijimlango kimetiwa mafuta, kinanuka mbao mpya. Mchana kilikuwa wazi. Mimi huku nachambua mchele, yeye kule anakunja nguo. Nilizima taa za rangi, zinanitia kizunguzungu.

Alasiri mkono umetokea. Ameomba chumvi. Nikampa kopo zima.

Anapika mwenyewe.