Gorogoro ya Leonida

Valary, wacha hiyo kazi usome hii. Leonida amepasuliwa uso hapa soko ya Migori. Na aliyempasua ni Kezia! Kezia wetu wa kwaya!

Kezia alikuja kununua mahindi kwa Leonida. Akaona gorogoro, ule mkebe wa kupimia, inajaa haraka sana. Akaingiza mkono ndani ya mkebe. Wueh! Chini imegongwa na jiwe mpaka imetokeza juu kama kitovu ya mtoto.

"Leonida, unaibia watoto wangu?"

"Wakiongeza ushuru mimi nitoe wapi? Kwa watoto wangu?"

Kezia akainua ile gorogoro akampiga nayo usoni. Tena. Tena! Damu kwa mahindi, Valary. Damu kwa mahindi! Leonida akamng'ata mkono mpaka nyama ikaonekana.

Ndio mtu wa ushuru akafika. Tukadhani anakuja kuwaachanisha. Akamruka Leonida aliyeanguka pale chini, akatoa mashine yake ya risiti.

"Mama, ya leo bado."



Kezia akamgeukia na gorogoro ileile. Jamaa akataka kukimbia lakini hakuenda mahali.

Leonida, macho imejaa damu, alikuwa amemshika miguu.