Msamaha wa Kwenye Katuni

Phnom Penh

Dada Kunthea,

Samaki waliochachushwa uliowatuma wamefika. Jirani amelalamikia harufu, nikamwambia azibe pua.

Umeuliza habari za kazi yangu ya kutia sauti za Kikhmer kwenye katuni za Kijapani. Nilikuficha jambo. Saroeun alinihama mwezi wa nne, akaenda kwa Malis, yule msichana anayeigiza sauti za watoto. Lakini studio yetu sote watatu ni moja, nami niliendelea kuwa mke wake ndani ya katuni.

Jumanne tulifika pale mume anapomwomba mkewe radhi. Saroeun aliyasema maneno yale kwa Kikhmer kitamu, sauti ikimtetemeka. Siku aliyofunga mizigo yake hakunipa hata neno moja la namna hiyo. Zamu yangu ilikuwa kusema, "Nimekusamehe." Nikasema, "Sikusamehe ng'o!"

Msimamizi akasimamisha mashine. "Dada Phalkun, midomo imeoana, lakini maneno siyo. Turudie."

Tulirudia mara tano, nami nikasema lilelile. Saroeun akacheka. "We mama, hii ni katuni tu!"

"Basi kama ni katuni tu, mlete huyo wako aseme."

Wakamwita kweli. Malis alisema mara moja tu, wakampigia makofi.

Itaonyeshwa Jumapili. Usizime televisheni kwa ajili yangu, wanao wanaipenda mno. Wakiuliza, waambie mama mdogo anaumwa koo.

Mdogo wako,
Phalkun