Kitanda cha Kwenye Haisi

Ushirombo, Jumapili baada ya ibada

Mke wangu Mama Neema,

Bwana asifiwe sana. Naamini umeamka salama, na lile goti limepoa baada ya kazi ya alizeti. Mama mkwe anaendeleaje na kifua? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio hauko sawa, maana wiki nzima hupokei simu yangu. Ndiyo sababu nimechukua karatasi, na barua hii nimempa dereva wa basi, yule Mnyiramba mwenzetu, nikamwomba aifikishe mpaka mkononi mwako.

Mama Neema, sikutaka kukupima kama maiti.

Nisikilize tangu mwanzo. Kazi yangu unaijua, pampu za kuvuta maji mashimoni haziharibikii mahali pamoja. Leo nipo hapa, keshokutwa watu wamesikia dhahabu imetoka kwingine, kambi nzima inang'oa maturubai, na fundi pampu anawafuata. Ulipokuja ile mara moja, mvua ikatunyeshea kitandani, ukaniambia, "Mimi siwezi kuzeekea chini ya turubai. Ukipata mlango unaofungwa, niite." Miaka tisa nimelibeba neno hilo. Sasa kitindamimba wetu Yohana ameenda shule ya bweni, umebaki na kuku tu, nikasema moyoni, Mungu ametupa nafasi.

Nikaanza kutafuta gari dogo la kulala na kusafiri nalo. Kwanza niliona kirikuu, kigari cha mizigo chenye boksi la bati nyuma. Kinakula mafuta kidogo na kinapita popote, ila ndani unakaa umejikunja kama uko shimoni, na kwa jua la huku lile bati lingetuoka. Halafu fundi Kulwa, Msukuma anayeunda bodi za magari hapa Ushirombo, akanionyesha haisi ya paa refu, kuukuu lakini injini nzima. Mlango unafungwa kwa ndani. Nikasimama wima, kofia haikugusa juu. Nikapiga magoti kama ninaomba, nafasi ipo. Nikajilaza sakafuni, nikamwambia, "Chomelea kitanda hapa, upana wake uishie begani kwangu. Upande huu weka kabati la spana na jiko la gesi."

Kulwa akaanza kupima, kisha akaacha.

"Na mayu atalala wapi?" Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

"Si hapo hapo."

"Hapo? Labda mlale kwa zamu, kama walinzi!"

Mafundi wenzake wakacheka. Mimi niliona aibu, mke wangu. Gari nalitafuta kwa ajili yako, halafu napima kitanda cha mtu mmoja! Nimelala peke yangu hadi mwili umesahau kumsogelea mtu.

"Haya, ana urefu gani?" Nikaonyesha kwa mkono sikioni, kisha kidevuni. "Mbona sasa hivi ulionyesha sikioni? Mkeo bado anakua?"

Kweli mkono ulikuwa unapanda na kushuka. Sauti yako ya kwaya ninayo, hata unavyokohoa kabla ya kunigombeza nakumbuka, lakini urefu wako ulinipotea. Niliumia sana.

Ndipo nikampigia Neema kwa mumewe, nikamwambia, "Ukienda kwa mama, akijilaza mchana, chukua kamba umpime kichwani mpaka miguuni, usimwamshe." Nilitaka uje ushtuke kwa furaha. Huku tunapima kila kitu kwa kamba, shimo, bomba, turubai. Nikasahau kwamba kwetu mtu aliyelala akipimwa kwa kamba, nje wanasubiri wachimba kaburi. Neema aliniambia ulifumbua macho ukamkuta amekuinamia, ukalia, ukasema, "Baba yenu amenichoka, ananitabiria kifo." Nimeomba toba kwa Mungu, sasa naomba kwako. Usimkasirikie Neema, alinitii tu. Mwambie ile kamba aichome.

Kirikuu nimekiacha, haisi nimeichukua. Kabati nimeliondoa, spana zitakaa chini ya viti. Ila kitanda nimesema kisichomelewe kwanza. Kulwa amekubali kusubiri mpaka uje ujilaze mwenyewe, ukiwa macho, useme sogeza huku, ongeza pale. Ukiona panakubana, tutaliuza gari tutafute lingine, na hilo utalichagua wewe. Panda basi mpaka Isaka, nitakupokea hapo nikiwa na gari lenyewe.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu, mwambie kifua chake nakitaja katika kila sala. Nisalimie shemeji fundi cherehani, mchungaji wetu na mama mchungaji, na mkwe wetu mume wa Neema, asiniogope, sitampima. Neema mbusu kwa niaba yangu.

Urefu wako usinitajie kwenye simu. Njoo nao.

Ni mimi mumeo, ninayekusubiri,
Baba Neema