Kahawa ya Mama Imechanganywa

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta salama na kile kikohozi cha wifi kimekwisha. Sisi huku tu wazima. Mama anakula, anatuma watu, anagomba, kwa hiyo ujue hajambo.

Habari kubwa ni kwamba kahawa yetu sasa inakwenda kwenye kiwanda cha ushirika. Najua hutaamini. Huyu ni mama aliyeapa kwamba kahawa yake haitaoga maji mamoja na kahawa ya wavivu, akaizungusha ile mashine ya mkono ya kumenyea barazani mpaka mabega yakamwisha. Lakini msimu ulipoanza aliamka asubuhi, akaniambia nibebe kikapu, tunakwenda kumenya na wenzetu. Sikuuliza kitu, nisije nikambadilisha mawazo.

Kule kila mtu anamwaga matunda yake mezani na kuyachambua: mabichi na yaliyooza pembeni, mekundu yanabaki. Mpokeaji akiridhika anapima, kisha yote yanaingia mashine moja na tangi moja, na kuanzia hapo kahawa haina mwenyewe. Tunauza kwa pamoja, kwa bei ambayo barazani kwetu hatukuwahi kuiona. Ila mmoja akipitisha mabichi anawaharibia wote, ndiyo maana mpokeaji hana urafiki na mtu.

Siku ya kwanza kikapu cha mama kilirudishwa, mabichi tele. Niliona haya, maana yeye ndiye aliyetufundisha kuchuma. Nikadhani ni ukaidi tu. Kesho yake akakaa karibu na jirani yetu Mama Pacha, yule waliyenuniana naye kwa ajili ya mbuzi, na kikapu hakikurudi tena. Nikafurahi, hadi nilipouona mkono wa Mama Pacha ukichota kwenye rundo la mama. Niliinuka nimwambie aache wizi, naye akanikata jicho, akanivuta hadi kwenye mfereji wa kuoshea na kunifungulia kiganja. Kilijaa matunda mabichi ya mama.

Kaka, mama haoni vizuri. Tunda jekundu na bichi kwake ni mamoja. Ndiyo maana aliiacha mashine ya barazani; alihitaji macho ya watu. Mama Pacha aliniambia kwamba mama alimwomba yeye na kunificha mimi, kwa kuwa alijua nitakuandikia, nawe utakuja na gari kumchukua. Nililia pale pale. Mama Pacha akanikemea kwamba natia chumvi kwenye maji ya kahawa.

Nimeshampeleka kwa daktari wa macho. Amesema kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kutunzwa kwa dawa, na mama anaitia bila kusukumwa. Mlango anauona, njia anaiona, na mimi ananiona, hasa nikichelewa kuamka. Kule mezani sasa wote wanalijua jambo hilo na hakuna anayelitaja. Anayekaa karibu naye hupitisha mkono huku akimtania, naye huwajibu wote.

Nilimwambia kwamba sina budi kukueleza. Aliendelea kumenya viazi, halafu akasema niandike yote bila kupunguza. Najua umeshamwandalia chumba, na najua unavyompenda. Lakini nakuomba sana, usimtoe hapa. Huko kwako atakaa kitini akingoja mrudi kutoka kazini. Hapa ana shamba lake, na ana watu wa kugombana nao.

Yeye mwenyewe amesema uje, tena na gari ukipenda, lakini uje na nguo za kazi. Kahawa ya bondeni imeiva, na anataka mwanawe asimame kando yake amwambie ipi nyekundu.

Wasalimie wote, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho,
Kitinda