Mbwa Aliyeumwa na Kicheche

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Igowole tumeamka salama. Babu yako anakohoa kidogo, ila ugali anaumaliza. Nafurahi kitukuu wangu ananenepa huko Mbeya.

Unaniuliza kama ni kweli chanjo ya kifua kikuu huwaamsha askari wa mwili wakawa wakali hata kwa magonjwa mengine, na kama basi unaweza kuziacha chanjo zilizobaki. La kwanza huenda ni kweli. La pili silipendi kabisa. Nani kakwambia?

Nilipokuwa msichana, mbwa wetu aliumwa na kicheche aliyefuata kuku. Tangu hapo akawa mkali kwa kila kitu, hata mwewe hakuthubutu kushuka uani. Mama akamwamini, akaacha kufunika vifaranga kwa tenga. Miezi ikapita, mbwa akarudi kulala juani kama zamani, wala hakuna aliyetilia maanani.

Mtoto apate ya surua, na zote zilizoandikwa kwenye kadi. Mama alilikumbuka tenga lake siku ambayo hakukuwa tena na kifaranga cha kufunika.

Bibi yako, nisiyeamini upesi