Bakuli la Firdausi mbele ya mama mkwe

Asia, kaa chini kwanza. Firdausi wetu ameyatimba leo 😂

Mama yake Khatibu kaja kutoka Kibondo kumwona mchumba wa mwanawe kwa mara ya kwanza. Na Firdausi, unamjua siku hizi na mambo yake ya kuishi taratibu, akampakulia mchuzi wa maharage kwenye bakuli alilofinyanga mwenyewe.

Bakuli HALIJACHOMWA, Asia! Mama Nsimire anayemfundisha ufinyanzi alimwambia asubiri kwanza lipite motoni. Yeye anayetuhubiria utulivu kila siku akashindwa kusubiri.

Mgeni anasimulia safari yake, ghafla analikodolea macho bakuli mkononi mwake. "Mwanangu, mbona bakuli linatoka jasho?"

Mara pwaa! Tope na maharage vyote kwenye kanga yake.

Firdausi akafumba macho, akaanza kuvuta pumzi polepole kama anavyotufundishaga.

"Usipumue, leta kitambaa!"

Kaambiwa ASIPUMUE, Asia!

Maskini akaangua kilio, akijua ndoa ndiyo basi tena. Mama yule akamtazama, akacheka mpaka akashika mbavu. Akampigia Khatibu palepale: "Huyu nimemkubali. Ila vyombo vya nyumbani kwenu nitachagua mimi."